Salamu Kabla ya Bandeji

Aliyenifundisha kupumua alikuwa nesi. Wakati huo nilikuwa kijana mwenye cheti cha kidato cha nne, ndevu ndiyo kwanza zinaota, nikidhani nimeshajua kila kitu. Kupumua nilikuwa sijui. Yeye ndiye aliyenifundisha, katika wodi ya wanaume ya hospitali moja hapa Mpanda, na tukafanya kazi pamoja mpaka nywele zangu zikaanza kuwa nyeupe kabla ya zake.

Wote tulimwita Sista. Hakuwa mtawa, alikuwa na mume na watoto, na sauti ya kuweza kufukuza nyani shambani bila kunyanyuka kitini. Lakini kwetu kila nesi ni Sista, na yeye jina hilo lilimng'ang'ania mpaka sokoni. Ukimuuliza kabila lake, alijibu, "Mimi Mwodi. Kwetu wodini." Kwa hiyo sitahangaika na ukoo wake wala mahali alipozaliwa.

Nimemkumbuka kwa sababu ya mguu wangu. Ugonjwa wa sukari umenipa kidonda kwenye wayo, na kidonda hicho kinanuka. Nalisema waziwazi, maana mzee aliyepiga deki wodini maisha yake yote hana haki ya kulizunguka neno hilo. Mvua za mwaka huu zilipokuwa zinaishia niliacha kwenda kliniki kubadilishiwa bandeji. Nikaacha misa. Nikaacha na benchi la duka la jirani hapa Makanyagio, ambapo wazee wenzangu hucheza drafti na kubishana. Nilihamishia kiti changu nyuma ya nyumba, karibu na choo, nikitumaini kwamba hapo harufu mbili zitasingiziana. Daktari alikuwa ameshaniambia: kidonda kisiposafishwa, mguu utakatwa. Nilimwelewa vizuri sana. Nikaendelea kukaa.

Mwanangu ni dereva wa lori, yuko safarini zaidi kuliko nyumbani. Aliyebaki na mimi ni mkewe, mama wa wajukuu zangu, na kwa desturi yetu mkwe hawezi kushika mguu wa baba mkwe na kuuosha kama anaosha sufuria. Aliniletea maji ya moto na chumvi, akayaweka chini, akageuka pembeni kwa heshima. Nilijifunga mwenyewe, vibaya. Na kila nilipofunga nilimwona Sista akinitazama kwa yale macho yake, kichwa kikiwa upande, kama kuku anayechungulia punje.

Siku yangu ya kwanza kazini nilitapika. Nilikuwa nimeipokea kazi ya uhudumu kwa shingo upande, nikingoja kitu kikubwa zaidi ambacho mpaka leo hakijafika. Asubuhi ile waliniambia nishike beseni. Sista akafungua bandeji ya mzee mmoja aliyekuwa na kidonda cha mgongoni, na mimi nikaliweka beseni chini, nikatoka mbio mpaka nyuma ya jengo la kufulia. Nilipoinua kichwa alikuwa amesimama pale na kikombe cha maji.

"Sukutua," akasema. "Umemaliza au kuna kingine?"

"Naacha kazi, Sista."

"Acha. Lakini uache kesho. Leo beseni langu liko chini." Kisha akacheka. "Sikia, mdogo wangu. Anayetapika siku ya kwanza hukaa. Asiyetapika mimi namwogopa, sijui pua yake kaiacha kwa nani."

Nikarudi. Tangu siku hiyo akaniita Bwana Deki, na jina hilo nalo likashika mpaka sokoni.

Watu wengi waliamini kwamba hana pua. Walisema imekufa kwa kazi, kama mikono ya mpishi isiyosikia moto. Ilikuwa kinyume kabisa. Sijawahi kumwona mtu mwenye pua kali kama ile. Alikuwa akikaa barazani kwake, ghafla anapaza sauti kuvuka nyumba tatu: "Mama Tatu! Maharage yanaungua!" Na kweli yanaungua. Alijua mvua kabla ya mawingu. Alijua nani katoka kunywa gongo na nani kapita tu mlangoni. Akiingia wodini asubuhi alisimama kizingitini, anavuta hewa taratibu kama mtu anayeonja mchuzi, halafu anasema, "Kitanda cha dirishani kimeamka vibaya." Tunakwenda kufungua, tunakuta bandeji imelowa.

Hakupenda tuseme kwamba mgonjwa ananuka. Tulitakiwa kusema kidonda kinaongea. Kilikuwa kinanong'ona, kinaongea, kinapiga kelele, na siku mbaya kabisa alisema, "Leo kinahutubia." Wagonjwa wenyewe wakaishika lugha hiyo. Utamsikia mtu anaita, "Sista, njoo, mguu wangu umeanza mkutano!"

Lakini mgonjwa akiuliza wazi hakumdanganya. Namkumbuka fundi baiskeli mmoja aliyemkamata mkono akamuuliza, "Sista, niambie ukweli. Nanuka?"

"Kidonda kinanuka, ndiyo," akajibu. "Wewe hunuki. Wewe nimekuogesha mwenyewe asubuhi, na sabuni yangu siyo ya bei rahisi."

Yule fundi alilala usingizi mzuri mchana ule.

Sasa niseme alivyonifundisha kupumua. Mimi, kama wote wanaoanza, nilibana pumzi. Unavuta hewa nyingi mlangoni, unaibeba mpaka kitandani, unafanya kazi haraka haraka macho yamekutoka, na mwisho hewa inakwisha. Hapo unavuta kwa mkupuo, tena pua yako iko juu kabisa ya kidonda. Uso unajikunja wenyewe, na mgonjwa anakuona. Sista alinitazama nikifanya hivyo kwa siku kadhaa, akaniita pembeni.

"Unajiibia pumzi halafu unashangaa umefilisika," akasema. "Pua ni kama mgeni mwenye kisirani. Ukimfungia mlango anapiga kelele mpaka majirani waje. Mkaribishe, mkalishe, muache anune. Baada ya muda kidogo anazoea."

"Nitamkaribishaje?"

"Msalimie mgonjwa."

Nikadhani ananitania. Lakini ndivyo alivyofanya yeye, kwa kila kitanda, kila siku. Hakugusa bandeji kabla ya salamu, na salamu yake haikuwa ile ya mjini ya "mambo, poa" na kupita. Ilikuwa salamu ya kijijini, ya watu wanaokutana njiani na mizigo kichwani na bado wanaishusha. Umeamkaje? Mama watoto hajambo? Yule mtoto wa kikohozi? Mpunga umeshatoa masuke? Ng'ombe wamevuka salama? Huku anauliza, anavuta kiti, anakaa karibu, anafungua fundo la kwanza, anangoja jibu, anafungua la pili. Anapumua kwa pua, polepole, kama mtu aliye kwake. Mpaka bandeji imetoka yote, pua imeshachoka kulalamika, na mgonjwa ameshasahau kuangalia uso wako kwa sababu anakueleza habari za ndama wake.

Nilijaribu. Mara ya kwanza niliuliza habari kwa sauti ya mtu anayezama. Mara ya kumi hivi nikashtuka kwamba nimemaliza kazi na sikukumbuka kutapika. Nilimkimbilia kumwambia. Alikuwa anahesabu mashuka, hata hakugeuka. "Basi sasa umeajiriwa," akasema.

Alikuwa na mbinu nyingine, na hizo hakuzifanya siri. Madirisha yalifunguliwa hata katika ile baridi ya mwezi wa saba, na wagonjwa wakimlilia aliwaongezea blanketi, dirisha halifungwi. Bandeji chafu haikulala wodini hata kidogo. Ilifungwa na kutolewa papo hapo, kabla hajanawa. Alichemsha mchaichai kwenye jiko la mkaa kule koridoni. Na chini ya kitanda chenye kidonda kikubwa aliweka beseni la mkaa mkavu, kwa sababu mkaa, alisema, hunywa harufu kama mchanga unavyokunywa maji.

Beseni hilo lilitaka kutuletea balaa. Alilazwa mzee mmoja kutoka bonde la Mpimbwe, mkulima wa mpunga, mtu mpole. Ndugu zake walipokuja kumtazama, shangazi mmoja aliinama kuokota kijiko, akaona lile beseni jeusi uvunguni. Akapiga yowe. Kufumba na kufumbua ndugu wote walikuwa wamesimama, rozari zimetoka mifukoni, na kaka mkubwa ameshaanza kukunja godoro: mgonjwa wao halali tena hapa, amewekewa mambo.

Sista akaja anafuta mikono. "Nani kaweka? Mimi hapa. Shikamoo shangazi."

"Sitaki shikamoo yako! Umemwekea nini mtu wetu?"

"Mkaa."

"Mkaa wa nini, mbona hakuna moto?"

Sista akalivuta beseni, akachukua kipande kimoja, akakivunja, akajipaka unga wake puani, yeye na aproni yake nyeupe. "Uchawi wangu huu hapa, shangazi. Unauzwa sokoni kwa debe. Hebu nusa kitanda hiki, halafu nenda ukanuse kile cha jirani yake ambacho sijakiwekea."

Shangazi alikataa, akasita, akanusa hapa, akanusa kule. Akarudi kunusa hapa. Kisha akakaa kwenye kiti na kuuliza, kwa sauti nyingine kabisa, kama mkaa wa mninga ni mzuri kuliko wa mti mwingine. Walipokuja tena walituletea gunia zima, na ile siku ya kwanza Sista alishinda mpaka jioni na alama nyeusi puani, hakuna aliyethubutu kumwambia.

Mimi nami nilitaka kuwa mvumbuzi. Nilinunua chupa ya manukato, yale makali yanayokaa kwenye vibanda vya stendi, na siku moja Sista alipokuwa na ruhusa nikapulizia wodi nzima, kitanda kwa kitanda, mapazia na mito. Nilijiona bwana harusi. Baada ya dakika chache wodi ikawa na harufu ambayo sijakutana nayo tena duniani. Mfugaji mmoja wa Kisukuma, aliyekuwa na mguu uliooza kwa kuumwa na nyoka, alijifunika blanketi gubigubi na kusema kutoka humo ndani, "Zamani ulikuwa mguu tu. Sasa ni mguu unaokwenda harusini."

Watu wakacheka mpaka mishono ikawauma. Sista alipopata habari hakunigombeza. Aliniambia tu nifue mapazia yote, na mimi nikayafua, na manukato yalitoka baada ya kidonda cha mfugaji kupona. Huo ndio ukweli.

Nilifanya na makosa yasiyochekesha. Kule dobini, mbele ya wahudumu wenzangu, nilikuwa hodari wa kuigiza wagonjwa na kubana pua. Ndiyo maana nilipopata kidonda changu nilijua hasa nini kinasemwa mlango ukishafungwa. Niliyajua maneno kwa sababu mengine niliyatunga mimi.

Yule mfugaji ndiye aliyeanzisha mchezo ambao wodi yetu ilijulikana nao, ingawa aliyeulea ni Sista. Mguu wake ulikuwa unahutubia kila siku, na mwenyewe alikuwa ameacha kula kwa aibu. Asubuhi moja Sista alimsalimia kama kawaida, kwa Kisukuma, "Mwangaluka," naye akaitikia kwa shida. Sista akasema, "Baba, tuache hii harufu ya hapa, tumeshaijua. Niambie harufu ya kwenu. Ile ukiisikia tu unajua umefika nyumbani."

Akafikiri sana. Kisha akasema, "Zizi. Alfajiri. Umande ukiwa bado juu ya mavi ya ng'ombe, na maziwa ya kwanza yanaingia kwenye kibuyu."

"Mavi!" akadakia mzee wa mpunga kutoka kitanda cha pili. "Umepewa nafasi ya kuchagua dunia nzima, ukachagua mavi!"

"Na wewe taja yako, tusikie!"

"Wali wa mchele mpya. Maji yameshakauka, mama ameweka makaa juu ya mfuniko. Hapo hata mwenye ugomvi na wewe anabisha hodi."

Mkulima mmoja wa Kabungu akasema nyie wote hamjui kitu, harufu ni tumbaku ikiwa bani, ndani ya banda la moto, inakauka, tamu kama asali iliyoungua kidogo. Ubishi ukawaka. Watu walijiegemeza kwenye viwiko, wakatetea harufu zao kama wanatetea timu za mpira. Katikati ya kelele hizo Sista alimaliza kuusafisha mguu wa mfugaji, akaufunga, na mwenyewe hakujua. Mchana aliomba uji.

Tangu hapo kila mgeni aliyelazwa aliulizwa harufu ya kwao. Na mimi niliulizwa.

"Bwana Deki, ya kwenu ipi?"

"Sina, Sista."

"Hakuna asiye nayo. Haya, ficha. Siku moja utaitapika."

Nilikuwa nayo. Niliificha kwa sababu yake yeye, na hapa lazima nieleze udhaifu mkubwa wa mwanamke yule.

Sista aliogopa dagaa. Mwanamke aliyeweza kuinama juu ya mguu ulioumwa na nyoka akauliza habari za ndama, alipokutana na muuza dagaa wa kutoka ziwani alivuta khanga puani na kuvuka barabara. Nilimwona kwa macho yangu sokoni akiizunguka meza ya dagaa kwa mbali, kama inauma. Mumewe, ambaye aliwapenda, alikwenda kuwala kwa jirani na kurudi amepiga mswaki, na bado alifungiwa mlango. Muuza dagaa mmoja mtundu alikuwa akimwona tu anaita, "Sista! Njoo umtibu huyu, kakauka!" Naye anajibu kutoka ng'ambo, khanga mdomoni, "Mzike! Mzike haraka!"

Tulimcheka. Yeye mwenyewe alikiri kwamba haina maana. "Kidonda kina mwenyewe," aliniambia. "Nikimsalimia mwenyewe, harufu inapata jina, inakuwa ya mtu ninayemjua. Sasa dagaa nitamsalimia nani?"

Na mimi nimezaliwa Ikola, ufukweni mwa Ziwa Tanganyika. Harufu ya kwetu ni dagaa walioanikwa mchangani jua likiwa kali, na mama yangu anawageuza kwa ufagio. Nikiisikia mahali popote narudi kuwa mtoto wa miguu mitupu. Ningeisemaje mbele yake? Kwa hiyo nilisema sina, mwaka baada ya mwaka, na nyumbani kwangu siku aliyokuja kunitembelea hatukupika mboga hiyo. Nilidhani ni adabu. Sasa naona nilijinyima raha ya bure.

Sitaki mdhani alikuwa malaika. Alikuwa mkali kwa ndugu wa wagonjwa, akimwona mtu ameingia na leso puani alimwita kwa sauti ya wodi nzima, "Wewe mwenye mafua, ngoja nje!" Alipenda umbea, na aliusambaza ukiwa bado wa moto. Alijipenda: sare imepigwa pasi mpaka inakata, nywele zimepakwa mafuta ya nazi, na kazini hakutoka mpaka amejisugua na limau kuanzia kucha hadi viwikoni. Watoto wake walikatazwa kumkumbatia kabla hajaoga. Mmoja aliniambia kwamba utoto wake wote anaukumbuka kama kusimama mlangoni na taulo.

Alipostaafu alihamia Kasekese kulima karanga. Tukawa tunaonana kwa nadra, siku za mnada au msibani. Nilisikia kwamba huko nako wanamwita Sista, na kwamba kuku wake wanamtii.

Basi, siku ile nilikuwa kwenye kiti changu cha nyuma ya nyumba. Bodaboda ikasimama mbele. Nikasikia sauti ninayoijua ikigombana na dereva kwamba amepitia kila shimo la Mpanda kwa makusudi. Mkwe wangu ndiye aliyempigia simu. Alikuwa ameitafuta namba yake kwa watu wa soko bila kuniambia.

Nikataka kunyanyuka niingie ndani. Mguu ukakataa. Akatokea pembeni ya nyumba, amekonda, amebeba mfuko wa karanga kichwani, kichwa upande kama kuku.

"Bwana Deki."

"Usisogee, Sista," nikasema. "Nakuomba. Kinapiga kelele."

"Nimeshakisikia tangu barabarani. Kinaniita kwa jina." Akaushusha mfuko. "Habari za siku nyingi?"

"Nzuri."

"Watoto hawajambo? Yule dereva karudi? Wajukuu wanasoma? Mahindi mwaka huu mmepata?" Huku ameshavuta kigoda, ameshakaa, ameshaupakata mguu wangu mapajani mwake. "Nani kaifunga hii? Hii bandeji au mzigo wa kuni?"

"Mimi."

"Nimekufundisha miaka yote ile!"

Nilijibu salamu zake moja moja, na fundo la kwanza likafunguka, na la pili. Mkwe wangu alikuwa jikoni, pale upenuni, ananyanyua mifuniko. Sista akaitoa bandeji yote. Mimi niliangalia uso wake, kama wagonjwa wote wanavyoangalia. Nilikuwa nangoja ujikunje. Uso ulikuwa umetulia, unapumua.

Halafu akakunja uso. Akageuza kichwa, akavuta khanga kwa nguvu, akajiziba pua.

Sijui nitaielezaje dakika ile. Niliona mlango wa mwisho unafungwa. Kama yeye ameshindwa, basi duniani hapana mwingine. Nikaanza kuuvuta mguu wangu.

"Uache hapo!" akasema kupitia kwenye khanga. Kisha akapaza sauti kuelekea jikoni: "Mwanangu! Unapika nini humo?"

Mkwe wangu akachungulia, mwiko mkononi. "Dagaa, mama. Baba anawapenda."

"Yesu na Maria! Nimekuja kuponya mtu, mnataka kuniua!"

Nilicheka. Nilicheka mpaka machozi yakatoka, na mguu ukatikisika mapajani mwake, naye akaushika kwa mkono mmoja huku mwingine umeng'ang'ania khanga. Mkwe wangu akacheka pia, amejificha nyuma ya nguzo kwa kuniheshimu. Jirani wa ng'ambo ya ukuta akauliza kuna nini.

Nilipopata pumzi nikasema, "Sista. Uliniuliza harufu ya kwetu."

"Ukasema huna."

"Ni hiyo."

Akanitazama juu ya khanga. Akatazama jikoni. Akanitazama tena. "Hiyo?"

"Ikola. Mama alikuwa anawaanika mbele ya nyumba."

"Miaka yote hiyo umekaa na dagaa rohoni, unanionea aibu?"

"Ndiyo."

"Kumbe wewe ni mjinga kuliko nilivyodhani, Bwana Deki." Alilisema taratibu, kwa upole kabisa. Akaendelea kusafisha kingo za kidonda. Halafu akasema, "Mwanangu, ilete hiyo sufuria hapa."

"Mama, si umesema..."

"Ilete."

Mkwe wangu akaileta, inatoa moshi, akaiweka chini mbele ya kigoda. Sista akateremsha khanga mpaka kifuani. Akavuta pumzi polepole kwa pua, macho yamejaa maji, na akainamia ile sufuria kwa heshima zote.

"Hamjambo?" akaiambia. "Habari za Ikola? Ziwa limetulia? Wazazi hawajambo huko? Poleni na safari. Poleni na jua."

Alisalimia mpaka bandeji mpya ikakamilika. Hakuwala, alisema urafiki usiharakishwe. Lakini sufuria haikuondolewa. Alipokuwa ananawa kwa limau aliniambia kwamba mguu bado ni wangu kama nitautaka, na kwamba asubuhi bajaji itanifuata, na nisipopanda atarudi na kunibeba mgongoni mbele ya wale wacheza drafti.

Nilipanda. Kliniki nilikaa kwenye benchi katikati ya watu, mguu mbele. Nesi aliyeniita ni binti mdogo, mgeni, sare yake bado ina mikunjo ya dukani. Aliposogea nilimwona anajaza kifua hewa pale mlangoni, anaibeba mpaka kwangu, macho yamemtoka.

"Shikamoo babu," akasema kwa haraka, mkono umeshaenda kwenye bandeji.

"Marahaba mwanangu. Ngoja kwanza," nikasema. "Kwenu wapi? Wazazi hawajambo? Huko mvua zilinyesha vizuri?" Na sikumwachia mguu mpaka alipoanza kupumua.